Kengele Ililia

Mtoni, Unguja
11 Januari 1970

Bwana Khelef,

Shikamoo, na unisamehe kukuvamia hivi bila ya kujuana. Anwani yako nimepewa na mama yako, Bi Shariffa, kwake Malindi. Alinikaribisha kahawa na kashata, akaniomba nikukumbushe kwamba huu mwezi wa tatu hujamwandikia. Basi nshakukumbusha.

Mimi ni Wanu, mtoto wa Simai Borafya. Nnasomesha skuli hapa hapa Mtoni. Baba yangu alifanya kazi katika kinu cha mafuta ya nazi cha ami yako, Mzee Zahor, akisafisha mdomo wa mashine ya kusagia mbata. Bila shaka unamkumbuka kwa sababu ya mkono. Siku ya mwisho ya Ramadhani, mwaka 1960, alikuwa anachokoa mashudu yaliyoganda mle ndani. Kengele ya hadhari ikalia, hakuisikia, mashine ikaanza kuzunguka na mkono wa kulia ukaenda. Ndivyo ilivyoandikwa, na kazi ikamtoka kwa uziwi. Mpaka leo mtaani anaitwa Simai Kiziwi, na hata sisi nyumbani tunamsemesha kwa makelele. Lakini hayo yashapita, sikuandikii kwa hayo.

Nakuandikia kwa ajili ya kinu chenyewe. Tangu kifungwe mwaka 1964 ni gofu tu. Mashine zimeng'olewa, mikanda watu wameikatakata wakashonea makubazi, popo wamehamia. Kilichobaki ni kengele, iko juu kwenye boriti, hakuna aliyeifikia. Mwezi wa Novemba nilijibanza mle mvua inanyesha, mimi na Bi Mwanapili, mzee wetu aliyepiga makumbi pale nje miaka ishirini. Mvua ikipiga mabati, yeye akasema, "Saa hizi injini ingekohoa." Akakohoa kama injini. Ilikuwa injini yenyewe, Bwana Khelef. Nilikuwa na miaka kumi na moja mkono wa baba ulipokwenda, na kikohozi kile nilikuwa nnakisikia kila asubuhi kitandani.

Basi nimekusanya waliokuwa wafanyakazi, watu kama thelathini. Tunataka kukiliza kinu bila ya mashine, kwa midomo, kwa mikono, kwa madebe na makumbi. Siku nzima ya kazi, tuikunje iwe saa moja. Watazamaji watakaa juu ya mikeka wamepeana migongo, kila mtu anatazama ukuta, kwa sababu hakuna cha kutazamwa. Mwenyekiti wa tawi aliniuliza, "Ngoma gani hiyo? Mwimbaji nani?" Nikamwambia hakuna mwimbaji. "Basi mtakuwa mnapiga kelele tu." Nikamwambia naam, saa nzima. Ruhusa katoa, nadhani kwa kukosa jengine la kusema. Mtaani wanasema nimepandwa na pepo.

Wewe ndiye uliyesimama penye injini. Ndiye uliyeshika kamba ya kengele na ndiye uliyevisha mikanda. Kila mmoja wetu anajua sauti ya kazi yake, lakini mpangilio wa kinu kizima unao wewe. Naomba uniandikie: ipi ilianza, ipi ikafuata, mpaka jioni.

Wako katika heshima,
Wanu Simai


Kuze, Mombasa
2 Februari 1970

Mwalimu Wanu,

Marahaba. Barua yako niliipokea wiki mbili nyuma, na kuchelewa kwangu usikuchukulie vibaya. Hapa nnafanya kazi katika duka la vitambaa, na kazi ya dukani haina mapumziko. Mama nshamwandikia.

Hicho unachotaka kukifanya sijapata kukisikia popote, lakini nilipokaa kuandika nilishangaa kwamba sikusahau kitu.

Injini hukohoa mara nne, asubuhi ya baridi mara sita. Kikohozi cha kwanza kikavu, cha mwisho kina makohozi. Ikishashika, mhimili mrefu ulio juu ya vichwa huanza kuzunguka. Sauti yake ni ya chini sana, utaijua kwa nyayo kabla ya masikio. Waambie wanaume wenye vifua waifanye midomo ikiwa imefungwa. Hapo bado mashine ya kusagia imelala, kwa kuwa mkanda unaoiunganisha na mhimili haujavishwa.

Sasa kengele, mara tatu, na kati ya mlio na mlio mtu aweze kuvuta pumzi. Hiyo ni hadhari kwa aliye karibu na mashine aondoe mikono. Ndipo mkanda unavishwa kwa gongo. Kila siku kengele kwanza, mkanda baadaye, asubuhi na kila mara mashine iliposimamishwa kusafishwa. Mkanda ulikuwa na kiungo cha chuma, kwa hivyo kila mzunguko ulipiga kofi. Kisha mbata zinaingia, na mashine inatafuna kama ng'ombe. Mafuta yanapoanza kudondoka, debe tupu hulia kwa nguvu, likijaa sauti inazama. Nje ndio akina Bi Mwanapili na magongo yao. Jioni mkanda huvuliwa, injini huzimwa, lakini mhimili hukataa kusimama upesi. Huzunguka peke yake mpaka uchoke. Mimi nilikuwa napenda kubaki nikiusikiliza.

Narudia kuhusu kengele, kwa kuwa ndiyo muhimu: mara tatu, na daima kwanza.

Jina langu usilitaje katika maonyesho. Mimi ni mtu wa mbali sasa.

Khelef bin Nassor


Mtoni, Unguja
27 Februari 1970

Kaka Khelef,

Ruhusa nikuite hivyo. Barua yako niliwasomea wote kinuni, na nilipofika pale penye debe linalojaa, Mzee Abrahman aliyekuwa akikinga mafuta alijifuta macho. Sasa tuna injini ya wanaume wanne wanaokohoa kwa zamu. Mmoja wao kweli ana kifua kibovu, tunamwekea maji ya tangawizi. Mkanda ni Bi Biasha na kanga mbichi anayoipiga sakafuni. Kofi lake ukilisikia utatazama juu kuutafuta mhimili. Watoto wa skuli wamekaa madirishani wanatucheka, kisha wiki ya pili wameacha kucheka, sasa wanatusahihisha.

Baba alianza kuja, akikaa mlangoni. Nikampa kengele. Watu walicheka sana, kiziwi kupewa kengele, na mimi pia nilicheka, nisikufiche. Nilimpa kwa sababu ndiyo kazi ya mkono mmoja. Kengele yenyewe tuliipandia ngazi, ikawa nzima, kamba tu ilikuwa imeoza. Bi Mwanapili akasokota mpya kwa usumba, nyuzi za makumbi yake mwenyewe. Sasa baba anaivuta mara tatu, na kati ya mlio na mlio unaona anavuta pumzi kama ulivyoandika. Hajakosea hata siku moja. Ajabu ya kiziwi.

Nikueleze alivyo nyumbani. Ukimwita haitiki naam mpaka umwite mara ya pili, na mara ya pili sote huwa tumeshapandisha sauti. Mimi nimemsemesha kwa makelele tangu utoto wangu. Dukani, msikitini, mbele za watu, nilikuwa nnampigia ukelele kisha nnatazama chini kwa haya. Nilipoolewa mwaka juzi, watu wazima walikaa wakasema baba hatoweza kuniozesha, asije sheikh akasema hili yeye akajibu lile, tukachekwa. Akawekwa ami yangu Matar kuozesha badala yake. Baba akakaa pembeni na kanzu yake safi, na mimi ndani nikashukuru. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Sasa nina swali. Juzi tulipopumzika, Bi Mwanapili alisema kama anayesema habari ya mvua, "Siku ya mkono wa Simai haikuwa hivi. Siku ile yowe kwanza, kengele baadaye." Nikamwambia, Bi Mwanapili, wewe si ndiye uliyeulizwa wakati ule ukasema kengele ililia? Akajibu, "Ililia. Waliniuliza kama ililia, nikasema ililia. Hakuna aliyeniuliza ipi kwanza." Akasema anajua kwa sababu wapiga makumbi huhesabu. Kila kumbi magongo thelathini ndipo unaligeuza. Yowe lilimkuta kwenye kumi na tisa, kengele kwenye ishirini na sita.

Bi Mwanapili amekula chumvi nyingi, pengine amechanganya siku. Kamba ilikuwa mkononi mwako, wewe ndiye ajuaye. Nambie lako, na nitakalopata kwako ndilo nitakaloshika.

Wanu


Kuze, Mombasa
9 Machi 1970

Mwalimu Wanu,

Bi Mwanapili amechanganya. Nilivuta kamba mara tatu, nikangoja kama kawaida, ndipo nikavisha mkanda. Kulikuwa na uchunguzi na watu waliulizwa. Baba yako ni mtu mwema sana, na lililompata lilituuma sote, lakini masikio yake siku zile yalikuwa mazito tayari.

Wazee wasisumbuliwe kwa mambo ya kale. Shughulikeni na maonyesho yenu.

Khelef


Mtoni, Unguja
30 Machi 1970

Kaka Khelef,

Ahsante kwa kunijibu haraka na kwa kusema kweli. Bora kujua.

Nilifanya kosa katika kuitumia barua yako. Bi Mwanapili alikuwa ameshawaambia wengine, na kundi likagawika, hawa wanasema yowe kwanza, hawa kengele. Nikaogopa. Nikasimama kati ya kinu nikaisoma barua yako kwa sauti, yote, na pale ulipoandika "amechanganya" nikapasoma mara mbili. Yeye alikuwa amekaa juu ya kumbi lake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi nimekuwa mwongo uzeeni," akachukua gongo lake akaondoka. Hajarudi. Nimekwenda kwake mara mbili, mjukuu wake anatoka mlangoni kuniambia bibi kalala, na mimi naiona miguu yake chini ya pazia.

Baba alikuwapo. Tulipofika nyumbani akasema jambo ambalo hajapata kulisema miaka yote hii. Alisema, "Na mimi niliisikia baadaye. Nikiwa nshaanguka chini ndipo ikalia. Lakini Bwana Khelef ndiye aliyekuwa na kamba, naye kasema. Masikio yangu ndiyo haya unayoyajua." Nikamwonea huruma, nikampigia ukelele kuwa asijali. Asubuhi yake akaniletea ile kamba ya usumba, ameikunja vizuri, akasema, "Mpe mwenye masikio."

Kengele sasa anavuta Mzee Abrahman, na anakosea kila siku. Maonyesho tumeyasogeza mpaka Mei, mvua zipungue. Sijui kama tutafika huko. Bila ya Bi Mwanapili nje kumekufa.

Lakini wewe huna kosa, na nakushukuru tena.

Wanu


Kuze, Mombasa
20 Aprili 1970

Bi Wanu,

Hii ni barua ya nne kuiandika, tatu nimezichana. Umenishukuru mara mbili katika ukurasa mmoja.

Bi Mwanapili hakuchanganya. Yowe lilikuwa la kwanza.

Siku ile adhuhuri nilikuwa nimetoka mjini kwa fundi kuchukua kanzu ya Idi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kanzu ilikuwa nyeupe, ina darizi ya hariri kifuani, na badala ya kuipeleka nyumbani niliivaa nikaingia nayo kinuni ili nionekane. Kamba ya kengele ilikuwa imeroa mafuta kama siku zote. Kila siku nikishaivuta nilikuwa nafuta mikono kwa tambara lililotundikwa pale. Siku ile nikaitazama kamba, nikaitazama mikono ya kanzu. Nikajisemea Simai keshamaliza, hahitaji kengele. Gongo la mkanda lilikuwa safi, halichafui. Nikavisha mkanda.

Mkono wa baba yako ulikwenda kwa sababu mimi nililinda kanzu. Nimekaa miaka kumi nikitafuta namna nyengine ya kulisema hili na hakuna.

Niliposikia yowe niliuvua mkanda, kisha nikaivuta ile kamba mara tatu kwa mikono yote miwili. Kabla ya kumkimbilia, Bi Wanu. Nadhani hata wakati ule nilikuwa nshaanza kujitetea. Waliponiuliza, "Kengele ililia?" nikasema ililia. Wakauliza wanawake, wakasema ililia. Nikajipa moyo kwamba sikusema uongo hata neno moja. Ami yangu ndiye aliyesema, basi Simai hasikii, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Huo ndio uziwi wa baba yako, niliuumba mimi kwa kutikisa kichwa. Hapakuwa na uziwi mwengine. Ila barua ya mwezi wa tatu ni uongo mtupu, neno kwa neno, na umeusoma mbele za watu kwa sauti yako.

Nilikuwa sijui habari ya harusi yako. Nikiisoma najikunja.

Nakuomba mambo mawili, na najua sina uso wa kuomba. Mwambie baba yako. Mimi sikuweza kumtazama siku alipotoka hospitali, nilipita njia ya pili. Na barua hii usiisome kinuni. Mama yangu yuko Malindi peke yake, anakwenda sokoni, anakaa barazani na wenziwe. Hana kosa, na hajui kitu.

Khelef


Mtoni, Unguja
6 Mei 1970

Bwana Khelef,

Barua yako nimeisoma nimesimama uani, nikaisoma tena nimekaa chini.

Nilianza kwa Bi Mwanapili. Nilipiga magoti penye lile pazia nikaongea na miguu yake. Alinisikiliza, akasema, "Wewe mtoto mdogo, uliogopa. Lakini ulipasoma mara mbili." Kesho yake alikuja kinuni na gongo lake, hakumwamkia mtu, akakaa penye kumbi lake akaanza kuhesabu.

Wewe una lako na mimi nina langu. Wewe ulisema mara moja kuwa baba yangu hasikii. Mimi nimemwambia kila siku ya Mungu kwa sauti yangu hii. Alikuwa ananisikia, Bwana Khelef. Yale makelele yote yaliingia katika masikio mazima. Siku ya harusi alikuwa pembeni anasikia kila neno, na watu wanapunguza sauti kumsengenya wakidhani hayamfiki. Nimekaa na barua yako siku nne chini ya mto, si kwa kukuficha wewe. Sijui nimwambie baba kwa sauti gani. Ile ya makelele ndiyo niliyonayo.

Habari ya mama yako siamui mimi. Ataamua baba.

Wanu


Mtoni, Unguja
26 Mei 1970

Bwana Khelef,

Anaandika Wanu, nasema mimi, Simai.

Wanu alinisomea barua yako. Alianza kwa makelele kama kawaida yake, akanyamaza katikati, akalia. Nikamwambia nenda kasome nyuma ya pazia, kwa sauti ndogo, kama unamsomea mtoto aliyelala. Akaenda. Nikasikia yote, kanzu na darizi na kamba. Umekosea mahala pamoja. Lile la kufutia mikono halikuwa tambara, lilikuwa gunia.

Nikwambie ilivyokuwa. Miaka yote mimi nilikuwa nnasikia. Ila nimeambiwa sisikii na watu wengi, wengine na kalamu mikononi, nikaona haiwezekani wao wote wakosee mimi mmoja nipatie. Basi mtu akiniita nnasikia, kisha nnajiuliza: nimesikia kweli, au ni masikio yangu haya? Nnangoja aite tena nipate hakika. Akiita tena anapiga ukelele, na mimi naona kumbe kweli. Nikaingia haya, nikaacha kusema sana. Mkono niliuzoea ndani ya mwaka. Hili sikulizoea. Ndilo uliloniondolea kwa barua yako, na ndilo ninalokudai kwa miaka kumi.

Umeomba mama yako asifikiwe na habari hii. Haikuwezekana, Wanu alikuwa ameshamwalika kwenye maonyesho tangu Januari. Kwa hivyo nilikwenda mwenyewe Malindi asije akaipata barazani. Nilimweleza polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na ile kanzu. Alikuwa ameihifadhi kashani. Doa lipo, mikono yote miwili. Akasema siku zote alidhani ni mafuta ya sambusa za futari, na kwamba alikugombeza kwa kula ovyo nawe ukanyamaza. Kisha akajifunika uso kwa mtandio, na mimi nikakaa naye mpaka kahawa ikapoa. Sikuwa nataka kumwona vile. Mwandikie.

Jumamosi kinu kimelia. Wamekuja watu mpaka wa Bububu. Wamepeana migongo kama Wanu alivyotaka, na mama yako mgongo wake ulikuwa na Bi Mwanapili. Injini ilikohoa mara nne, mhimili ukatuingia kwa nyayo, nikashika kamba ya usumba nikavuta, mara tatu. Mkanda wa Bi Biasha ulipopiga kofi la kwanza mkono nisio nao uliniuma, nikaona haya kwa kuwa machozi yananitoka mbele za watu, kisha nikakumbuka wote wanatazama ukuta. Wanu akasimamisha sauti zote, akasoma barua yako. Si yote. Nilimwambia asome pale penye kamba, aishie penye yowe, na jina asitaje. Hakuna aliyeuliza jina, wanalijua. Nimelijua jina la kubandikwa na watu linavyokaa mwilini, sikutaka kulibandika kwa mama yako. Hakuna aliyepiga makofi. Ndugu yangu Matar alikuja kunishika mkono huu wa kushoto, akaondoka, akarudi tena.

Kukusamehe bado. Nikisema nshakusamehe nitakuwa nimesema neno kwa sababu linapendeza kusikika, na wewe unajua hayo yanavyofika mbali. Ukija Unguja, kamba ni mpya na haina mafuta. Uje uivute mimi nikiwa karibu, tuone.

Jana alasiri nilikuwa barazani. Wanu yuko uani anafua, na kati yetu kuna nyumba nzima. Akaniita, "Baba," kwa sauti ya kawaida, ile anayomwitia mumewe. Akaita mara moja tu, akanyamaza, na kufua akaacha. Nikajua anangoja, na anaogopa.

Nikaitika, "Naam."

Simai Borafya,
dole gumba la kushoto